Mi-17V-5 kwa jeshi dogo: unanunua saa, si helikopta

Anayepanga kikosi cha helikopta cha taifa la kubuni, iwe kwa mchezo wa vita wa mezani au kwa zoezi la chuo cha maofisa, huanza na idadi: kumi na mbili za kubeba askari, nne za mashambulizi, mbili za viongozi. Kisha mtu anauliza ni ngapi kati ya hizo zitaruka Jumatatu asubuhi, na karatasi nzima inabidi ichanwe. Tathmini hii inaichukua Mi-17V-5, mashine inayojitokeza karibu kwenye kila orodha ya namna hiyo, na kuipima kama mnunuzi anavyopaswa kuipima: inabeba nini hasa, inakula nini, inaharibikia wapi, na inakaa karakana muda gani. Kipimo chetu ni taifa la kubuni lenye helikopta 12, nyanda za vumbi upande mmoja na milima ya mita 3,000 upande mwingine.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kama lori la angani, Mi-17 bado ni ngumu kuipata mpinzani kwa bei yake. Kama chombo cha kubebea watu unaotaka watoke salama kikianguka, ina mapungufu ya wazi. Na anayetaka kujua kama itamfaa kwa miaka 20 aache kuitazama mashine, asome makaratasi yake.

Ni mashine gani hasa

Ukoo wa Mi-8 uliruka mara ya kwanza mwaka 1961, na zimeshatengenezwa zaidi ya 12,000 katika viwanda viwili vya Urusi, Kazan na Ulan-Ude. Mi-17 ni jina la soko la nje la Mi-8MT: bodi ni ile ile, ila injini ni TV3-117 zenye nguvu zaidi na giaboksi kuu ni VR-14. V-5 hutoka Kazan. Mi-171Sh ni ndugu yake wa Ulan-Ude. Anayeuziwa "Mi-17" iliyokwishatumika aanze kwa kutazama mkia. Rota ya mkia ya Mi-8T ya zamani iko upande wa kulia, ya Mi-17 iko kushoto. Rangi hupakwa upya na herufi za ubavuni huandikwa upya, lakini rota hakuna anayeihamisha upande ili kumdanganya mteja.

Rota kuu ina mapanga 5 na kipenyo cha mita 21.3. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 13,000. Chumba cha mizigo kina urefu wa mita 5.3, upana 2.3 na kimo 1.8, yaani meta za ujazo kama 23. Humo hukaa askari 24 kwenye viti vya kukunja vya ubavuni, au hupangwa machela 12.

V-5 ya kijeshi huja na rampu ya haidroli nyuma, pale ambapo matoleo ya zamani yana milango miwili inayofunguka kama kabati. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. Kwa milango ya kabati, kupakia gari dogo ni kazi ya kufungua, kutandika reli mbili, kuvuta kwa winchi, kufunga mikanda, kukunja reli na kufunga tena, na angani milango hiyo haifunguki. Ndiyo maana vikosi vingi huing'oa na kuruka nyuma ikiwa wazi. Kwa rampu, watu 24 hutoka mfululizo bila kusukumana, hasa ukiongeza mlango wa pili wa upande wa kulia ambao matoleo haya ya kijeshi yanao. Ukipewa nafasi ya kuchagua kitu kimoja tu cha ziada kwenye oda, chagua rampu kabla ya kioo chochote cha kisasa mbele ya rubani.

Kilo 4,000 za kwenye broshua

Broshua inasema inabeba kilo 4,000 ndani. Ni kweli, ila haisemi utakwenda nazo umbali gani. Hesabu ni hii. Mashine tupu yenye vifaa vya kawaida ni kama kilo 7,500. Wafanyakazi watatu, rubani, rubani msaidizi na injinia wa ndege, wahesabu kilo 270 pamoja na vifaa vyao. Kutoka 13,000 zinabaki kilo 5,230 za kugawana kati ya mafuta na mzigo.

Matangi makubwa ya ubavuni ni lita 1,140 kushoto na 1,030 kulia, na tangi la juu linalolisha injini ni lita 445. Jumla lita 2,615, karibu kilo 2,090. (Tangi la kulia ni dogo kwa sababu mbele yake kumewekwa hita ya chumba inayochoma mafuta yale yale.) Ukijaza yote, nafasi ya mzigo ni kilo 3,140. Ukipakia kilo 4,000 kamili, mafuta yanabaki kilo 1,230, sawa na lita 1,540 hivi. Kwa kupangia, hesabu lita 800 kwa saa kwa mwendo wa kilomita 230. Toa akiba ya nusu saa, lita 400, na unabaki na saa moja na dakika 25: kwenda na kurudi kilomita 320. Kwa hiyo "tani nne" maana yake ni tani nne kwenye duara la kilomita 160, bila upepo wa mbele na bila silaha.

Silaha ndizo zinazoharibu hesabu. Mtungi wa B8V20 uliojaa roketi 20 za milimita 80 unapita kilo 300. V-5 ina vining'inizi 6. Ukivijaza vyote umeshapoteza karibu tani mbili kabla hujapakia askari hata mmoja, na roketi hizo huzipigi kwa usahihi kutoka kwenye lori. Kwa kikosi cha mashine 12, funga mitungi miwili kwenye mashine mbili za kusindikiza, nyingine 10 ziache zibebe. Taifa lenye mfuko mpana likitaka nyundo ya kweli, Mi-35, helikopta ya mashambulizi, hutumia injini za ukoo huo huo, jambo linalopunguza aina za vipuri ghalani na kumsaidia fundi, ambaye mikono yake inaijua injini tayari.

Matangi ya ziada ya ndani, lita 915 kila moja, huisogeza mashine hadi karibu kilomita 1,065 yakiwekwa mawili. Kwa safari ya kuhamisha mashine kutoka kambi hadi kambi yanafaa. Kwa kazi ya kubeba watu hatuyapendi hata kidogo: ni pipa la mafuta chumba kimoja na abiria.

Jambo moja la mafuta ambalo kila rubani mpya anapaswa kulikariri. Injini zote mbili hunywa kutoka tangi la juu, na matangi ya ubavuni husukumiwa huko kwa pampu. Pampu zikikata, mafuta mengi yapo na huyafikii. Taa ya onyo huwaka zikibaki lita 270, ambazo kwa ulaji wa kawaida ni dakika 20. Taa hiyo si ya kuanza kujadiliana. Ni ya kutafuta uwanja.

Milimani na kwenye joto

Hapa ndipo V-5 inapowaacha nyuma wenzake wengi. VK-2500, injini ya matoleo mapya, hutoa nguvu za farasi 2,400 wakati wa kuruka na 2,700 ya dharura injini moja ikizimika. Mnunuzi asidhani nguvu hizo ataziona kambini kwenye usawa wa bahari. Giaboksi ya VR-14 ina kikomo chake, na chini huko inafika kikomo kabla ya injini. Faida inakuja juu, hewa ikiwa nyepesi au ya moto, ambako injini dhaifu huishiwa pumzi na hizi bado zina cha kutoa.

Kwa uzito wa kilo 11,100 katika hali ya kawaida ya hewa, V-5 husimama hewani nje ya msaada wa ardhi (yaani bila ule mto wa hewa unaojijenga chini ya rota ikiwa karibu na ardhi) hadi mita 3,980. Tuirudishe kwenye milima yetu ya mita 3,000. Toa mashine tupu na wafanyakazi, unabaki na 3,330. Weka kilo 1,000 za mafuta, na mzigo ni kilo 2,300, yaani askari 20 hivi wenye zana zao. Joto likizidi kiwango, punguza. Ukifunga bamba za chuma kumlinda rubani na vile viboksi vikubwa vya kupooza moshi wa injini dhidi ya makombora yanayofuata joto, punguza tena, kilo mia kadhaa. Jedwali la uwezo lipo kwenye kitabu cha rubani na huchukua dakika tano kulisoma.

Kinachowakuta wengi huko juu ni mkia. Ukitazama kutoka juu, rota kuu ya Mi-17 huzunguka kama mshale wa saa, kinyume na helikopta za Kimarekani. Pua inataka kwenda kushoto, na rubani huizuia kwa pedali ya kulia. Hewa nyepesi, uzito mkubwa, upepo wa pembeni au wa nyuma, na ghafla pedali ya kulia imefika mwisho huku pua inaendelea kwenda kushoto. Kuna kifaa, SPUU-52, kinachosogeza kikomo cha pedali kulingana na uzito wa hewa: kwenye hewa nzito na baridi kinazuia zaidi ili mfumo wa mkia usivunjike, kwenye hewa nyepesi kinaachia zaidi. Kifaa hicho kikiwa kimepangwa vibaya, au kimeachwa kimezimwa, rubani ananyimwa pedali pale pale anapoihitaji. Kipimwe kabla ya kila safari ya milimani, na pua ielekezwe kwenye upepo wakati wa kutua.

Rubani aliyekulia kwenye mashine za Kimarekani atakuwa na tatizo la pili. Kwenye dashibodi za zamani, kifaa cha kuonyesha mlalo huinamisha kialama cha ndege, wakati alichozoea yeye huinamisha upeo wa macho. Akiingia wingu ghafla, anaweza kusahihisha upande usio sahihi. Saa za mafunzo ya kubadili mashine zisikatwe kwa kisingizio kwamba mtu ana uzoefu, maana huo uzoefu ndio unaomponza. Tukiwa kwenye mawingu: Desemba 2021, Mi-17V-5 ya India iliyombeba Jenerali Bipin Rawat, mkuu wa majeshi ya nchi hiyo, ilianguka milimani kusini mwa nchi hiyo, na uchunguzi wa jeshi la anga uliondoa hitilafu ya mitambo. Mashine iliingia wingu bondeni, ikagonga mlima. Kifaa cha kuonya ukaribu wa ardhi kiandikwe kwenye oda, hata kama muuzaji anakiita cha hiari.

Vumbi

Mbele ya kila injini kuna kitu cha mviringo kama uyoga. Hicho ni PZU, kichujavumbi: huizungusha hewa inayoingia, chembe nzito hurushwa pembeni na kutolewa nje, na hewa safi huendelea kwenye kompresa. Kinafanya kazi vizuri, na kinakula sehemu ya nguvu ya injini. Kwa hiyo huwashwa ardhini na karibu na ardhi, huzimwa ukishapanda kwenye hewa safi. Makosa yako mawili, na yote huonekana baadaye. Asiyekiwasha husaga mapanga ya kompresa: kingo huwa butu, joto la injini hupanda kwa nguvu ile ile, na injini iliyotarajiwa kufika saa 1,500 hushushwa mapema. Anayesahau kukizima hushangaa mbona mashine nzito leo.

Rota ya mita 21 inafukuza hewa ya kuinua tani 13, kwa hiyo wingu la vumbi wakati wa kutua halikwepeki. Panga eneo la mita 50 kwa 50 kwa kila mashine, na zikiwa kadhaa zitue kwa kupishana, ya mbele kwanza kwenye upepo. Kutua kwa kusonga mbele kidogo, vumbi likibaki nyuma ya mkia, ni bora kuliko kushuka wima. Na ushukaji wa wima wenyewe una mpaka: kwenye mwendo mdogo, ukishuka kasi zaidi ya mita 3 au 4 kwa sekunde, rota huanza kumeza hewa yake yenyewe, na kuvuta mkono wa nguvu hakuizuii, huizamisha zaidi. Sukuma fimbo mbele, upate mwendo.

Panga lenye kidirisha

Sehemu tunayoipenda kuliko zote kwenye mashine hii ni ndogo kuliko kikombe. Uti wa kila panga la rota kuu ni bomba la alumini lililofungwa na kujazwa hewa yenye msukumo. Karibu na shina la panga kuna kifaa chenye kifuniko cha kuonea ndani. Msukumo ukiwa sawa, huoni kitu. Ukishuka, kofia nyekundu husogea na mstari mwekundu hujitokeza. Fundi anapanda juu asubuhi, anageuza rota panga kwa panga, anatazama vidirisha vitano. Uti ukipata ufa, hewa inavuja kabla panga halijakatika. Hakuna kompyuta, hakuna betri.

Ila kinahitaji nidhamu. Nyekundu ikionekana, karakana mbovu hujaza hewa na kuiruhusu mashine. Utaratibu sahihi ni kusimamisha mashine kwanza, kisha kupaka maji ya sabuni kwenye vali na kwenye kizibo cha mwisho kutafuta mapovu. Ikiwa vali ndiyo inayovuja, ibadilishwe, ijazwe kwa kipimo cha joto la siku hiyo, na isubiriwe. Ikishuka tena bila mapovu kuonekana popote, dhani ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo, na panga lishuke. Asubuhi ya baridi baada ya kujaza hewa mchana wa joto pia hushusha msukumo, ndiyo maana jedwali la joto linabandikwa karibu na pampu.

Mengine ya kila siku ni ya lori kweli kweli. Magurudumu yana breki za upepo, na ukiachia mkono unasikia "pssh" ile ile ya basi la abiria. Injini kubwa huwashwa kwa hewa kutoka kwa injini ndogo ya AI-9V iliyoko juu nyuma, na hiyo ndogo huwashwa na betri. Betri zikichoka, mashine ya tani 13 inakaa chini kwa sababu ya kitu kinachobebwa na mtu mmoja. Mafuta ya haidroli, AMG-10, yana mbadala wa Magharibi unaokubalika wa kundi la 5606, kwa hiyo hayo hayakusumbui. Giaboksi zina sumaku za kunasa vipande vya chuma zenye taa ya onyo. Unga mwembamba mweusi ni uchakavu wa kawaida, unafutwa na kuandikwa. Kipande chenye ncha, kinachong'aa, kinasimamisha safari.

Ikilinganishwa na Black Hawk

UH-60M, toleo la Black Hawk ya Marekani, hubeba askari 11 waliokaa, chumba chake ni kama meta za ujazo 11, na kimo chake ni mita 1.37, kwa hiyo ndani unatembea umeinama. Uzito wake wa juu ni kama kilo 9,980. Kwa kuhamisha magunia, mapipa na watu wengi, Mi-17 moja hufanya kazi ya mbili. Marekani yenyewe ililiona hilo Afghanistan. Ilinunua Mi-17V-5 63 kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo, oda ya kwanza ya mashine 21 mwaka 2011 ikiwa karibu dola milioni 370 pamoja na vipuri, kisha ikaamua kuzibadilisha kwa UH-60. Wakaguzi wa wizara yake ya ulinzi wakaandika mwaka 2018 kwamba inachukua karibu Black Hawk mbili kubeba mzigo wa Mi-17 moja, na kwamba Black Hawk haifiki juu kama Mi-17. Mafundi wa Afghanistan walikuwa wameshazimudu kazi nyingi za Mi-17 wenyewe, ilhali UH-60 ilitegemea makandarasi wa kigeni.

Lakini UH-60 ilichorwa na watu waliofikiria kuanguka. Miguu yake hunywa kishindo, viti vyake hushuka kupunguza nguvu inayofika mgongoni, na giaboksi yake ilitakiwa iendelee nusu saa bila oili. Mi-17 ya kawaida ina viti vya turubai ubavuni, matangi ya mafuta yaliyobandikwa nje pande zote mbili, na injini mbili na giaboksi juu ya vichwa vya abiria. Viti vinavyohimili kishindo na povu la kuzuia mlipuko ndani ya matangi vinapatikana kwa oda. Viongozi wa nchi wakipanda mashine hii bila vitu hivyo, aliyeandika oda ana maswali ya kujibu.

Saa 1,500

Sasa turudi kwenye zile 12. Injini na giaboksi kuu hutakiwa ukarabati mkubwa kila saa 1,500 hivi. Mapanga ya rota kuu mara nyingi hutupwa yakifika saa 2,000. Kuna pia kikomo cha miaka, na hicho hufika hata mashine ikiwa imelala hangani. Kila mashine ikiruka saa 300 kwa mwaka, kikosi kinaruka 3,600. Gawa kwa 1,500: mashine 2.4 kila mwaka zinaenda ukarabati mkubwa. Kwa kuwa kila moja hukaa huko miezi 10 pamoja na usafirishaji, mbili hazipo wakati wowote. Ukaguzi wa kila saa 100 na ule mrefu wa saa 300 na 500 huzuia moja na nusu karakanani. Moja nyingine inasubiri kipuri, daima. Zinabaki saba na nusu, na nusu hairuki. Taifa la kubuni lenye helikopta 12 lina helikopta saba.

Injini nazo: zimefungwa 24, zinafanya saa 7,200 kwa mwaka, kwa hiyo karibu tano hushushwa kila mwaka. Nunua injini 6 za akiba pamoja na mashine, siku ile ile, kwa mkataba ule ule. Mafuta ni lita 2,880,000 kwa mwaka.

Kosa la kawaida la anayenunua 12 mpya kwa mpigo ni kuziruka sawa kwa sawa. Mwaka wa tano zote hufika 1,500 pamoja, na nchi inabaki bila helikopta kwa mwaka mzima. Dawa ni kuzipanga kama ngazi tangu mwanzo: gawa 1,500 kwa 12, upate hatua ya saa 125, na mpangaji wa safari ahakikishe mashine ya kwanza iko saa 125 mbele ya ya pili, na ya pili mbele ya ya tatu, hadi ya mwisho. Chati yake inatosha kwenye karatasi moja ukutani. Mashine ikitoka kwenye mstari kwa juu, ipunguziwe safari. Kamanda anayeipenda "namba 4" kwa sababu haitikisiki ndiye adui mkubwa wa chati hiyo.

Vipuri ndiko siasa inakoingia. TV3-117 kwa miaka mingi ilitengenezwa Zaporizhzhia, Ukraine. Baada ya 2014 Urusi ilihamia VK-2500 ya Klimov, Saint Petersburg. Sheria ya vikwazo ya Marekani ya 2017, CAATSA, inamgusa pia anayenunua silaha Urusi. Ufilipino ilisaini mkataba wa Mi-17 16 kwa peso bilioni 12.7, kisha mwaka 2022 ikauvunja kwa hofu ya vikwazo na kuendelea na S-70i, Black Hawk za soko la nje zinazotengenezwa Poland. Mpangaji anayeandika "Mi-17 12" bila kuandika nani atazikarabati, wapi, na malipo yatapita benki gani, bado hajaanza kupanga.

Pengo hilo limezaa soko la vipuri vyenye historia ya kutunga. Kila injini, giaboksi, panga na pampu ya mashine hizi ina kitabu chake, fomulari, chenye namba, saa zilizofanya kazi, tarehe za ukarabati na mihuri. Panga lililofika saa 2,000 lina sura ile ile kama lenye 200, rangi mpya ikishapakwa. Siku ya kupokea mashine, kaa na vitabu vyote mezani na mtu mwingine awe juu ya ngazi na tochi. Soma namba kwa sauti, naye asome ile iliyogongwa kwenye bamba la chuma, moja baada ya nyingine, ukianza na mapanga matano, kisha injini, kisha giaboksi tatu. Jumlisha saa za kila ukurasa mwenyewe, usiamini jumla iliyoandikwa chini. Tazama kama wino wa miaka kumi una rangi moja na mwandiko mmoja. Bamba likiwa na namba iliyokwanguliwa, au kitabu kikiwa "kinatafutwa ofisini", kipuri hicho kihesabiwe hakina saa hata moja iliyobaki, na bei ishuke kwa thamani yake nzima kabla ya kusaini.